Waya Nyekundu ya Mama Aketch

Askofu Opondo aliichukia kemia kwa muda wote niliofanya kazi kwake. Alisema ni somo la watu wanaochemsha vitu ambavyo havikuwa na haja ya kuchemshwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha, au ningechemsha kama ningekuwa na jiko, kwa hiyo maneno hayo yaliletwa kwangu kila mkutano wa walimu, nami niliyameza pamoja na chai.

Shule yenyewe ilikuwa ya kanisa lake, Kanisa la Milima Saba, pale Kisumu Ndogo, Kibera. Mwaka huo wa tisini na sita tulikuwa na madarasa manne ya mabati, vyoo viwili, kengele iliyokuwa rimu ya lori, na chumba kimoja cha mawe. Chumba cha mawe ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, mfereji wa maji na mlango wenye kufuli. Ndani yake walikuwa wameweka ngoma, mablanketi ya wageni na msalaba.

Ofisi ya elimu ilituandikia barua. Wanafunzi wetu sita wa Kidato cha Nne waliotaka kufanya mtihani wa kemia wangesajiliwa tu kama shule ingekuwa na chumba cha maabara: maji, meza, mlango unaofungwa. Mkaguzi angekuja Ijumaa. Tukikosa chumba, wote sita wangehamishiwa somo la kilimo, katika shule ambayo haikuwa na ardhi ya kupanda hata dania.

Mmoja wa hao sita alikuwa Hope. Alitaka kuwa nesi, na chuo cha uuguzi kilitaka kemia, hakikutaka dania. Sitazunguka: nilimpenda yule msichana kuliko wenzake, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulisema. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na tabia mbaya ya kutaka kuona. Ukimwambia kitu, anaandika, kisha anauliza umekionea wapi.

Muhula ule nilikuwa nimewafundisha ayoni bila kuwa na chupa hata moja.

"Sodiamu," niliwaambia, "ni mtu wa Silanga mwenye chumba kimoja, na mgeni kutoka ushago, kule kijijini, amelala mlangoni wiki ya tatu sasa. Klorini ni jirani mwenye vitanda vinane na watu saba, halali kwa sababu ya kile kitanda kitupu. Mgeni huyo ni elektroni. Akihama, wote wawili wanatulia. Lakini hawako tena vile walivyokuwa. Kila mmoja sasa ni ayoni. Aliyemtoa mgeni ana chaji chanya, aliyempokea ana chaji hasi, na wanavutana hivyo hadi wanakuwa chumvi ya mboga."

Hope akainua mkono. "Mwalimu, huyo wa Silanga si amepoteza? Mbona yeye ndiye plus?"

"Kwa sababu alichopoteza ni minus. Protoni zake kumi na moja ziko palepale, elektroni zimebaki kumi. Hesabu mwenyewe."

"Na huyo mwenye amepata?"

"Amepata minus."

"Kwa hivyo kupata ni hasara?"

"Kwa atomi, Hope. Mambo ya watu muulize Askofu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Ningependa kuiona," na mimi nikakosa la kumwonyesha. Ndipo nilipoamua kukitafuta kile chumba hata kama ni kwa kupiga magoti.

Jumatatu nilimwendea Askofu ofisini kwake.

"Chumba cha msalaba?" aliuliza, kana kwamba nimemwomba figo.

"Msalaba unaweza kubaki ukutani, Baba Askofu. Hatutausumbua."

"Mtachemsha."

"Kidogo tu."

Aliutazama msalaba, uliolala mezani kwake. Alikuwa ameutoa chumbani, kwa sababu Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa sikukuu ya marehemu baba yake, nabii Osewe, mwanzilishi wa kanisa. Msalaba ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, wa shaba. Kila mtu Kisumu Ndogo aliijua habari yake: Osewe aliteremshiwa na malaika juu ya kilima mwaka wa hamsini na saba, na hakuna mkono wa binadamu uliouunda. Karibu na mahali pa kushika palikuwa na vishimo vitatu vidogo. Hizo zilikuwa alama za vidole vya malaika, na kila Jumapili waumini walipanga foleni kuzibusu.

Midomo ya miaka thelathini na tisa si kitu kidogo. Pale pa kubusu shaba ilikuwa imefifia, na katikati palikuwa na wekundu fulani mkavu. Wekundu ule naujua, unakaa juu ya kila bati la Kibera. Shaba haipati kutu ya namna hiyo. Nililijua hilo palepale na nikafunga mdomo, maana nilitaka chumba.

"Hiyo kemia yako inaweza kuusafisha?" aliuliza Askofu.

"Inaweza kuuongezea shaba mpya. Kuna fundi Kawangware, mtu wa kwetu Kangundo."

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko jambo lilivyostahili. "Ukirudi unang'aa kabla ya Ijumaa, chumba ni chako. Ukirudi na kasoro, basi kemia ni vile nilivyosema siku zote, na watoto watapanda dania." Aliniambia pia kwamba msalaba hautoki bila Mama Aketch.

Mama Aketch alikuwa mlinzi wa msalaba. Ufunguo wa chumba cha mawe ulilala shingoni mwake, na ndiye aliyeubeba kila maandamano, bila viatu, jua au matope. Alikuwa pia nyanya yake Hope, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Nilidhani hilo lingenisaidia.

Jumatano asubuhi tukatembea kutoka Kibera hadi Kawangware, yeye mbele peku na kanzu yake nyeupe, msalaba kifuani umefungwa shuka, mimi nyuma na kibeti changu kama mtu wa kusindikizwa. Tulipovuka Barabara ya Ngong magari yalisimama. Kwangu peke yangu hayajawahi kusimama.

Karakana ya fundi Musembi ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye beseni, ndoo na betri za gari. Kazi yake ilikuwa kupaka shaba na nikeli kwenye mifereji, usukani wa baiskeli na vikombe vya mashindano ya mpira. Alitusalimia kwa kutuonyesha viganja vya bluu.

"Sasa, mwalimu. Karibu, mathe. Hiyo ndiyo mgonjwa?"

Mama Aketch hakupenda neno hilo, lakini alifungua shuka.

Musembi aliusugua msalaba kwa jivu, akauchemsha na magadi kuondoa mafuta ya mikono na midomo, akautumbukiza kwenye beseni refu lililojaa maji ya mrututu, ile dawa ya bluu wanayonyunyizia kahawa, pamoja na tone la maji ya betri. Upande wa pili alining'iniza bamba la shaba lililotolewa kwenye tangi bovu la maji moto. Kisha akachukua waya mbili za betri zenye vibanio. Nyekundu akaibana kwenye bamba, nyeusi akaibana kwenye msalaba.

Niliona Mama Aketch akikunja uso, nikadhani anataka maelezo. Mimi mtu akikunja uso mbele yangu namfundisha.

"Mama, ile waya nyekundu inalinyang'anya bamba elektroni. Atomi za shaba zikinyang'anywa elektroni mbili mbili zinakuwa ayoni, zinabanduka kwenye bamba na kuingia majini. Zinaogelea hadi kwenye msalaba. Pale waya nyeusi inagawa elektroni. Kila ayoni inapewa zake mbili, inarudi kuwa shaba, inaganda. Bamba linakonda, msalaba unanenepa."

"Mm," alisema.

Niliichukua hiyo "mm" kuwa amenielewa. Nimefundisha miaka tisa na bado nafanya kosa hilo.

"Nyathina," aliniambia, neno ambalo kwa Kijaluo ni mtoto wangu, "mimi nataka niombe na hii msalaba peke yangu. Haijawahi kuoga mbele ya watu. Nyinyi muende mkunywe chai." Akatandika shuka jeupe juu ya beseni lote, kwa heshima.

"Mathe, usiguse kitu," alisema Musembi.

"Niguse nini?"

Tukaenda kwenye kibanda cha chai. Musembi alisema ni saa mbili tu, nami nilizitumia zote mbili kupanga maabara kichwani: meza hapa, mrija pale, Hope karibu na dirisha. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliagiza andazi la pili.

Tuliporudi tulimkuta Mama Aketch ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaimba kwa sauti ya chini, uso umetulia kabisa. Musembi akafunua shuka.

Waya nyekundu ilikuwa imebana msalaba. Nyeusi ilikuwa kwenye bamba.

"Nilikuwa nimesahau kuwaambia," alisema Mama Aketch kwa upole. "Nyeusi haishiki kitu ya madhabahu. Kwetu hata viatu nyeusi inabaki nje, hata mwavuli. Nyekundu ndiyo damu ya Yesu. Mlikuwa mmekosea lakini nimerekebisha."

Musembi alitoa sauti ambayo sitaiandika. Aliutoa msalaba majini. Ulikuwa wa kijivu, umefunikwa na ungaunga mwekundu uliotoka kwa kidole. Bamba lake la tangi bovu, kwa upande mwingine, lilikuwa limenona, limevimba shaba ya nabii Osewe pande zote. Aliufuta msalaba kwa kitambaa kutoka juu hadi chini, na chini ya kitambaa hakukuwa na shaba tena. Ni chuma. Chuma kitupu, kimefuliwa kwa nyundo, unaona hata mahali nyundo ilipopita.

Nilikaa chini. Hope alikuwa anapanda dania mbele ya macho yangu.

"Hebu ngoja," alisema Musembi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anatazama pale pa kubusu. Vile vishimo vitatu sasa vilikuwa safi, vikali, na chini yake palikuwa na mstari mmoja uliopinda ambao shaba ilikuwa imeuziba miaka yote, na tarakimu ndogo: 57. Aliweka msalaba chini, akachukua jiko moja kati ya yale aliyokuwa akiuza mlangoni, akalipindua. Kwenye kitako chake palikuwa na nukta tatu na mstari uliopinda.

"Hii ni alama ya baba yangu," alisema. "Nzomo. Mimi naiendeleza tu. Alikuwa na karakana kule sokoni Burma, hapa mjini. Alituambia kuna Mjaluo alimtengenezea msalaba ya chuma, akampakia shaba juu, huyo jamaa akaubusu hapo hapo kwa alama, akaenda akiimba. Sisi tulisema mzee ameanza kuzeeka."

Kisha akacheka, halafu akafuta macho kwa mkono wenye mrututu, ikabidi tumwoshe.

Mama Aketch alikuwa amesimama mikono ikining'inia, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea. Miaka thelathini na moja aliubeba kitu kile. Hatimaye aliuchukua msalaba, akapitisha kidole gumba juu ya zile nukta, akamgeukia Musembi.

"Huyo baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mnyamavu," alisema Musembi. "Akikasirika alikuwa anapiga chuma, hapigi mtu. Hakuwa mtu wa kanisa sana."

"Alikuwa anakunywa?"

"Chai tu. Ya tangawizi."

Mama Aketch aliitika kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea barua ya maombi ya kazi na kuona si mbaya. Kisha akaniuliza mimi, "Sasa ile shaba imeenda wapi?"

Hapo nilifundisha somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha, na mwanafunzi alikuwa mmoja, wa miaka sabini na kitu. Nilimwambia haijapotea. Nyingine iko kwenye bamba, ile pale. Nyingine bado iko majini, hatuioni kwa sababu ni ayoni, kila moja imenyang'anywa elektroni zake mbili na haiwezi kuwa shaba mpaka ikutane na mtu wa kuzirudisha. Maji yenyewe ni ya bluu kwa sababu ya hizo.

"Nani alizinyang'anya?"

"Nyekundu, Mama."

"Na mwenye anazirudisha?"

"Nyeusi."

"Tumewarudisha watu nyumbani kwa sababu ya viatu nyeusi," alisema. Alisema hivyo tu, wala hakumsemesha mtu. Akainama, akabandua vibanio kwa vidole vyake mwenyewe, akaibana nyeusi kwenye msalaba, nyekundu kwenye bamba. Aliibana vizuri kuliko Musembi.

"Ngoja, mathe," alisema Musembi. Alikuwa ameshika kipande cha mshumaa. "Ninaweza kuziba hiyo alama na nta. Shaba haishiki kwa nta. Kila kitu itang'aa, lakini alama ya mzee ibaki wazi, watu waone ni nani alitengeneza."

Ilikuwa haki yake, na sote watatu tulijua. Mama Aketch alizigusa zile nukta.

"Watu wanabusu hapo kila Jumapili," alisema. "Wewe baba yako anabusiwa kila Jumapili na watu mia mbili. Unataka nini tena?"

Musembi aliufikiria mshumaa. Akauweka mfukoni. Nadhani alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na nadhani aliumia zaidi. Alirudi kuusugua msalaba upya, akaurudisha majini, na safari hii hakuna aliyekwenda kunywa chai. Tuliketi watatu tukiangalia shaba ikirudi, kwanza kama haya usoni, kisha rangi kamili, hadi ule mstari ukaanza kuzama na tarakimu zikafuata.

Njiani Mama Aketch alinishika mkono.

"Opondo asijue. Baba yake kwake ni nabii kwanza, mzazi baadaye. Akijua hii itamvunja, na akivunjika, hiyo chumba utaisikia kwa redio."

"Sitamwambia, Mama."

"Na Hope asijue. Huyo mtoto hana breki."

Nikaahidi mara ya pili. Ilikuwa rahisi, maana nilikuwa na chumba mkononi.

Alhamisi asubuhi Askofu aliupokea msalaba mbele ya wazee wa kanisa, ukawaka juani kiasi cha kumfanya mzee mmoja kupiga magoti. Kisha akaniita kwenye chumba cha mawe, akafunga mlango. Alipitisha kidole gumba juu ya vile vishimo vitatu.

"Mmeona," alisema.

"Tumeona nini, Baba Askofu?"

"Chuma."

Alikaa juu ya ngoma, mtu mkubwa yule, akaonekana amechoka.

"Baba aliniambia siku tatu kabla hajafa. Fundi wa mjini, hata jina hakulikumbuka. Alisema alitaka kuwaambia watu, lakini kila mwaka walikuwa wengi zaidi. Unafikiri ni kwa nini sipendi kemia, mwalimu? Unafikiri mimi ni mjinga?"

Nilikuwa nimefikiri hivyo kwa miaka minne. Nikasema, "Hapana."

"Mama Aketch ameona?"

"Alikuwa anaomba," nilisema. "Alifunika beseni kwa shuka." Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijishangaa nilivyolipanga vizuri.

Akashusha pumzi. "Asante Mungu. Yule mama alimwacha mume akafuata msalaba huu. Akijua, atakufa. Chumba ni chako, mwalimu. Mradi asijue."

Hivyo nikapewa chumba kimoja mara mbili, na watu wawili waliokuwa wakilindana kutokana na kitu ambacho wote walikijua. Ningeweza kuwaita pamoja nikawapunguzia mzigo kwa dakika moja. Lakini dakika hiyo ingeweza pia kunipunguzia chumba, na mkaguzi alikuwa anakuja kesho.

Alikuja. Alifungua mfereji, akautikisa mguu wa meza, akaufunga na kuufungua mlango, akaandika. Aliuliza msalaba unafanya nini katika maabara.

"Ni shaba," alisema Askofu Opondo bila kupepesa. "Inasaidia katika masomo."

Wanafunzi sita wakasajiliwa kufanya kemia. Hope alinikumbatia mbele ya watu, kisha akaona aibu.

Jumapili, kwenye sikukuu, Mama Aketch ndiye aliyeongoza sala ya kuwakumbuka watakatifu. Aliwataja kwa sauti yake ile ya chini: Isaya, Yeremia, Ezekieli, Nzomo. Kanisa zima likajibu amina, Askofu akiwa wa kwanza, macho amefumba. Mama aliyekaa kando yangu aliniinamia akaniuliza Nzomo ni wa manabii wakubwa au wadogo.

"Wadogo," nilimwambia.

Jumatatu tukafungua maabara. Musembi alikuwa ametuazima betri, beseni na mrututu. Askofu alisema atakuja kubariki, akabaki kukaa, nyuma kabisa, kwenye benchi. Mama Aketch alikuja na ufunguo wake, akabaki pia, upande wa pili wa benchi hilohilo. Nyuma yangu ukutani msalaba uling'aa.

Nilifunga msumari kwenye waya nyeusi na kipande cha bomba la shaba kwenye nyekundu. Baada ya dakika kumi niliutoa msumari. Ulikuwa wa shaba. Darasa likapiga makofi na miguu, na Hope akauchukua, akaukwaruza kwa kucha, kisha kwa ncha ya bikari, mpaka akafika kwenye chuma.

"Kumbe iko ndani tu," alisema. "Inajifunika." Uso wake ulikuwa umewaka, na nilijua kwamba nimeipata ile siku ambayo mwalimu anaisubiri. Kisha akainua macho, yakapita kwangu, yakafika ukutani.

"Mwalimu, na huo msalaba, tukiufunga kwa waya nyekundu, tutaona nini ndani?"

Nyuma ya darasa Askofu alimtupia Mama Aketch jicho la haraka, la hofu. Alipoligeuza, Mama Aketch naye akamtupia lake. Macho yao hayakukutana. Wote wawili wakanigeukia mimi.

Nilikuwa nimekipigania chumba kile ili watoto wa Kisumu Ndogo waone mambo kwa macho yao, wasiambiwe tu.

"Shaba," nilisema. "Ni shaba mpaka ndani."

"Tujaribu kidogo tu? Hapo chini, mahali haionekani?"

"Hapana, Hope."

Aliniangalia, akiwa bado ameushika ule msumari. Hakuniuliza nimeionea wapi. Akainama, akafungua daftari, akaandika nilivyosema.